Suruali ya Mtoto Ikitoboka Goti, Nani Alipe?

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa mwanzoni mwa Februari, ofisi za matawi hujaa wanachama wanaoomba mkopo. Ukiuliza mkopo ni wa nini, wengi watakujibu jibu lile lile: sare za watoto. Si ada, si vitabu, bali suruali, shati, gauni na sweta. Tena ukichunguza zaidi utagundua kwamba sare hiyo inayoombewa mkopo si ya mtoto anayeanza darasa la kwanza. Ni ya mtoto aliyenunuliwa sare mpya mwaka jana huo huo, nayo imekwisha.

Elimu ya msingi isiyo na ada ilianzishwa Uganda mwaka 1997, nasi tulishangilia kwa haki. Lakini sare haikuwamo. Mzazi aliachiwa jukumu la nguo, madaftari na kalamu, na katika hayo nguo ndiyo inayokula fedha nyingi. Ukikumbuka kwamba kima cha chini cha mshahara katika nchi hii kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwamba Bunge lilipopitisha mswada mpya wa mishahara mwaka 2019 Rais alikataa kutia saini, utaelewa kwa nini mkata miwa mwenye watoto wanne anaogopa goti la suruali kuliko anavyoogopa nyoka shambani.

Makala hii inahusu jambo moja tu: nguo ya mtoto ikichakaa kabla ya wakati wake, ni nani anayepaswa kubeba hasara? Wengi wetu tunajibu haraka kwamba ni mzazi. Jibu hilo halina uhakika kama tunavyodhani.

Tuanze na mahali tunapopajua. Kule Lurujo, na vijiji vyote vya upande wa Arua na Koboko, mtoto wa shule haendi shuleni kukaa tu. Asubuhi anachota maji, akitoka shule anachunga mbuzi, na msimu wa maembe anashinda mtini. Darasani wengine hukaa chini. Goti linasugua udongo, makalio yanasugua gome la mti, kwapa linavutwa anapobeba mzigo kichwani. Baada ya miezi mitatu au minne kitambaa chepesi kimekuwa kama chandarua. Mama anashona kiraka, kisha kiraka juu ya kiraka, kisha mwalimu anamrudisha mtoto nyumbani akavae vizuri. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya suruali anakosa masomo kama yule aliyekosa ada. Sioni tofauti.

Baba wa mtoto huyo mara nyingi hayupo nyumbani. Tangu zama za Mwingereza, West Nile ilifanywa kuwa ghala la nguvu za watu kwa mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na mpaka leo utawakuta Walugbara, Waalur na Wakakwa wakikata miwa huko na Kinyara. Baba ananunua sare Jinja kwa sababu fedha anazipata huko, anaifunga katika mfuko na kuituma kwa basi mpaka Arua, na kutoka Arua mpaka Koboko ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50 tena. Mshono ukifumuka wiki ya pili, duka liko zaidi ya kilomita 500 nyuma. Nani atairudisha? Nauli ya kwenda tu inanunua suruali kadhaa. Mwenye duka anajua hivyo, ndiyo maana hana wasiwasi.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule jambo hili lilifanyiwa majaribio kwa miaka mingi, na majibu yake yanatufaa.

Mwaka 1971 kampuni ya maduka iitwayo Sears ilianza kuuza suruali za watoto kwa jina la Toughskins. Zilikuwa suruali za mfano wa jinzi, lakini kitambaa chake hakikuwa pamba tupu. Ilichanganywa pamba na nyuzi za kiwandani za poliesta na nailoni, na magoti yaliongezewa nguvu. Wazazi waliambiwa hivi: mtoto ataiacha suruali hii kwa kuikua, siyo kwa kuichakaza. Ikichakaa kabla hajaikua, ilete dukani tukupe nyingine. Miaka ya 1990 kampuni hiyo hiyo ilikuwa na mpango mwingine wa namna hiyo kwa nguo zake za watoto. Mtoto akichakaza nguo wakati bado anavaa saizi ile, mzazi alirudisha ile iliyochakaa na kupewa nyingine ya saizi ile ile bila kulipa.

Angalieni vizuri maneno haya "saizi ile ile". Hapo ndipo penye hesabu ya mwenye duka. Mtoto aliyevuka miaka miwili na ambaye hajabalehe huongezeka urefu wa kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Maana yake suruali inayomtosha leo itakuwa fupi baada ya mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo mwenye duka hakuahidi nguo ya milele. Aliahidi nguo ya mwaka mmoja, basi, na mwaka ulikuwa unahesabiwa na miguu ya mtoto mwenyewe. Akitengeneza suruali ya kudumu miezi kumi na nne, hatapata hasara kubwa. Zaidi ya hayo, wazazi wengi hupoteza risiti, au huona uvivu kurudi dukani, au husahau kwamba waliahidiwa. Ahadi ilikuwa kubwa kwenye tangazo na ndogo kwenye daftari la hesabu. Lakini kwa mzazi aliyetunza risiti yake ilikuwa msaada wa kweli, na hakuna aliyemcheka kwa kudai.

Sears ilifilisika mwezi Oktoba 2018, kwa sababu nyingine nyingi za biashara. Kampuni nyingine iitwayo Target ilianza mwaka 2016 kuuza nguo za watoto za jina la Cat & Jack kwa dhamana ya mwaka mmoja. Ukiwa na risiti, unarudisha. Kuna na kampuni ya zamani zaidi, L.L.Bean, iliyoanza mwaka 1912, ambayo kwa miaka mingi haikuweka mwisho wa muda kabisa. Mtu aliweza kurudisha viatu alivyovivaa miaka ishirini. Februari 2018 walifuta utaratibu huo, wakaweka mwaka mmoja na kudai uthibitisho wa kununua. Sababu waliyotoa ni kwamba watu walikuwa wanaokota vitu vyao vilivyochakaa kwenye maduka ya mitumba na kuvipeleka kudai vipya. Walisema hasara ilifika dola milioni 250 katika miaka mitano.

Nimeeleza hayo yote kwa makusudi, kwa sababu ndugu zetu wengi wanaamini kwamba kubadilishiwa nguo ni hisani ya Mzungu. Si hisani. Ni ahadi ya biashara iliyopigiwa hesabu, na ina masharti matatu: uthibitisho wa kununua, muda unaojulikana, na nguo yenyewe iliyochakaa mkononi. Masharti hayo matatu hata fundi wa barazani Arua anaweza kuyatimiza na kutimiziwa.

Tena jambo la kuchekesha ni kwamba nguo hizo hizo za Marekani zinafika kwetu. Robota la mivumba likifunguliwa sokoni Arua, utakuta kaptura ya mtoto yenye jina la kampuni iliyotoa dhamana ya mwaka mzima. Dhamana haikusafiri na kaptura. Ilibaki na risiti, na risiti ilibaki na mama wa kwanza kule ng'ambo. Mwanachama mmoja aliniuliza kama anaweza kumtumia ndugu yake aliyeko Marekani akabadilishiwe. Nikamwambia hapana, kwa sababu hicho ndicho walichofanya wale waliosababisha wengine wanyimwe.

Sina ugomvi na mivumba. Serikali za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuziondoa polepole, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, na ni Rwanda peke yake iliyoshikilia mpaka ikawekewa vikwazo mwaka 2018. Mwaka 2023 Rais wetu alitangaza tena kwamba azipige marufuku. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo wana haki ya kulalamika juu yake, na wafanyakazi wengine wana haki ya kuzivaa, maana ndizo wanazoziweza. Ninachosema ni kwamba sare ya shule haipatikani kirahisi kwenye robota. Rangi ya shule ni ya shule. Kwa hiyo hata anayevaa mivumba mwaka mzima, kwenye sare analazimika kununua mpya, na hapo ndipo anapopaswa kujua haki yake.

Haki yenyewe imegawanyika sehemu mbili, nami naomba msomaji azitofautishe, kwa sababu wanaokosa kuzitofautisha hushindwa dukani kwa hoja ya kwanza.

Sehemu ya kwanza ni ubovu. Uganda ina sheria ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, iliyochukua mahali pa sheria ya kikoloni iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Katika sheria ya zamani na katika mpya, msingi ni ule ule: mfanyabiashara anayeuza kitu katika biashara yake anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba kitu hicho kina ubora unaostahili, na kwamba kinafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Hata asipotamka neno, ameahidi. Ukimwambia mwenye duka, "Nataka suruali ya mtoto wa shule," naye akakupa suruali ambayo mshono wake unaachia kwenye ufuo wa kwanza, hakukupa ulichoomba. Unayo haki ya kurudi kwake. Lakini kama alikuonyesha kasoro kabla hujanunua, au uliichunguza nguo na kasoro ilikuwa wazi machoni pako, huwezi kurudi kuilalamikia. Ndiyo maana mtu asinunue gizani wala kwa haraka ya kuwahi basi.

Sehemu ya pili ni kuchakaa. Suruali iliyovaliwa miezi sita mfululizo, ikafuliwa kwa jiwe na kuanikwa juani, ikatoboka goti, haikuwa mbovu siku ya kuuzwa. Imetumika. Hapo sheria haimdai mwenye duka kitu. Hapo kinachoweza kukusaidia ni dhamana, au garanti kama wengi tunavyosema, yaani ahadi ambayo muuzaji ameitoa mwenyewe kwa hiari. Ahadi akishaitoa inakuwa sehemu ya mapatano na inamfunga. Asipoitoa, huna cha kudai. Kwa hiyo dhamana ya kuchakaa haidaiwi baada ya nguo kuchakaa. Inadaiwa kabla ya kulipa, wakati fedha bado ziko mfukoni mwako na mwenye duka anaziangalia.

Nilikuwapo siku moja katika duka ambalo sitalitaja, mama mmoja alipoingia na gauni la bintiye. Alikuwa amelinunua siku kumi kabla. Mshono wa kiunoni ulikuwa umefumuka kuanzia ubavu mmoja mpaka mwingine, kitambaa chenyewe kizima kabisa. Mazungumzo yalikwenda hivi, nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Shikamoo Hajji."

"Marahaba mama. Karibu."

"Nimerudisha gauni. Mshono umeachia."

"Mama, soma pale ukutani. Mali ikishauzwa hairudishwi."

"Nimesoma, Hajji. Lakini mimi sikununua kitambaa na uzi mbalimbali. Nilinunua gauni. Hili sasa si gauni, ni vipande viwili."

Watu wakacheka, na Hajji naye akacheka. Lakini hakubadilisha. Akasema labda mtoto alilivuta, labda alipigana. Mama akatoa risiti yenye tarehe, akaigeuza nguo ndani nje na kumwonyesha kwamba uzi ulikuwa wa mshono mmoja mrefu mrefu, usio na kurudiwa mwanzo wala mwisho. Kisha akaliangalia lile gauni jingine lililotundikwa mlangoni, akaligeuza vile vile mbele ya wateja. Mshono ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Hajji akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, chukua hilo kubwa lililoshonwa vizuri, tusigombane." Mama akachukua, akashukuru, akaenda zake. Hakumtukana mtu.

Kibandiko kile cha ukutani tunakiona kila mahali, Kampala, Arua, Ariwara ng'ambo ya mpaka, mpaka Nairobi. Wengi wakikiona hukata tamaa. Kweli kinamlinda mwenye duka kwa mteja aliyebadilisha mawazo tu, yule anayesema rangi haikumpendeza mume wangu. Huyo hana haki, na tusimtetee. Lakini kibandiko hakimpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kibovu kwa jina la kitu kizima. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya kuwalinda wanunuzi ya mwaka 2012, inayosema kwamba sharti la kufuta ahadi ya ubora halina nguvu, na katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imetaja haki ya mnunuzi kupata bidhaa za ubora unaostahili na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Wanachama wetu wanaofanya kazi upande ule wayajue hayo.

Mwenye duka akikataa kabisa, zipo njia. Ya kwanza ni viongozi wa LC wa mahali duka lilipo, kwa sababu mabaraza yale yamepewa uwezo wa kusikiliza madai madogo ya deni na mapatano. Ya pili ni utaratibu wa madai madogo mahakamani, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambapo mtu hujieleza mwenyewe bila wakili. Najua mtu atasema, nani aende mahakamani kwa gauni moja? Ni kweli. Kwa gauni moja haiendeki. Lakini sare za watoto arobaini zilizoshonwa na mtu mmoja kwa uzi mbovu, hayo ni madai ya kutosha, na wenye watoto arobaini wakienda pamoja kwa LC hawarudishwi mlangoni.

Na hapo ndipo chama kinapoingia. Kuna mjumbe atakayesema kwamba kazi yetu ni mishahara na masaa ya kazi, nguo za watoto ni mambo ya nyumbani. Mimi namjibu kwa ovaroli. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nguo za kinga bila kumtoza. Matawi yaliyo imara yameandika katika mkataba wa pamoja ovaroli ngapi kwa mwaka, gambuti jozi ngapi, na kwamba ikichakaa kabla ya muda unairudisha stoo unapewa nyingine. Unairudisha ile ya zamani, inaandikwa katika daftari, unatia saini. Je, hiyo si dhamana ya kubadilishiwa nguo iliyochakaa? Tumeizoea miaka mingi, na kila stoo kipa anaijua. Tuliipata kwa sababu tulikaa mezani pamoja kabla ya kazi kuanza. Kila mmoja angeenda peke yake kuomba ovaroli, angeambiwa soma pale ukutani.

Kwa hiyo tawi moja la mashambani lilifanya hivi, nami nililitembelea na kuona. Mwezi Novemba, kabla bei za sare hazijapanda, wanachama waliorodhesha watoto wao, shule zao, rangi na saizi. Wakachagua watu watatu, wawili wakiwa akina mama wanaojua cherehani. Hao watatu wakaenda kwa mafundi mbalimbali wakiwa na orodha mkononi, siyo fedha. Wakamwuliza kila fundi swali moja: ukishonewa sare zote hizi uzi ukaachia, utafanya nini? Fundi mmoja alikasirika. Wa pili alisema hawezi kuahidi. Wa tatu alisema, "Kitambaa nikikichagua mimi, mshono naudhamini mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Kitambaa mkikileta nyinyi, naudhamini mshono tu, kitambaa siujui." Jibu hilo la tatu ndilo la mtu anayejua kazi yake. Wakapatana naye.

Mapatano yaliandikwa kwenye karatasi moja ya daftari, kwa mkono, pande zote mbili zikatia saini, na mwenyekiti wa LC akapiga muhuri. Yalisema mshono ukifumuka fundi anashona tena bure. Goti au makalio yakitoboka kabla ya mwisho wa muhula wa pili, anaweka kiraka cha kitambaa hicho hicho bure. Yakitoboka katika muhula wa kwanza, anatoa suruali nyingine ya saizi ile ile na kuichukua ile iliyotoboka. Nguo iliyoungua kwa moto, iliyokatwa kwa wembe au kutafunwa na mbuzi haimo. Hiyo ya mbuzi ilidaiwa na fundi mwenyewe, na nadhani alikuwa na sababu zake.

Mnaona fundi alivyojilinda. Lakini tazameni pia alivyobadilika katika kazi. Fundi aliyejua kwamba goti likitoboka ni mali yake, alianza kuweka kitambaa cha pili ndani ya goti tangu mwanzo. Makalio akayashona mara mbili. Kwenye mguu akaacha pindo la vidole vinne, mtoto akiongezeka linashushwa. Chini ya kwapa akaweka kipande cha pembe nne ili shati lisivutwe. Mambo hayo hayakuongeza gharama kubwa, yaliongeza uangalifu. Kabla ya mapatano hakuyafanya, kwa sababu suruali ikichakaa upesi mteja alirudi upesi kununua nyingine. Kuchakaa kulikuwa faida yake. Tangu siku ya mapatano kukawa hasara yake. Nadhani faida kubwa ya dhamana iko hapo hapo, kuliko hata hizo suruali chache zilizobadilishwa.

Juu ya kitambaa niseme kidogo. Wazee wetu bado wanasifu kitambaa cha Jinja, kile cha Nyanza Textile, kiwanda kilichojengwa miaka ya 1950 wakati bwawa la Owen Falls lilipoanza kutoa umeme. Wanasema shati la Jinja lilirithiwa na wadogo watatu. Mimi sikulivaa, lakini nawaamini. Kwa sare ya leo, pamba tupu ni baridi mwilini lakini goti halistahimili. Poliesta tupu inastahimili lakini mtoto anatoka jasho na cheche ya moto inaitoboa mara moja. Mchanganyiko wa viwili ndio uliotumiwa na wale wa Toughskins, na ndio mafundi wazuri wanaoupendekeza. Ukitaka kujua kitambaa, kivute pembeni kwa vidole viwili na ukitazame kuelekea jua. Ukiona mwanga mwingi, utaona goti hivi karibuni. Bei nayo isikudanganye. Tuseme suruali ya shilingi 15,000 inakwisha kwa miezi minne. Kwa mwaka utanunua tatu, umetoa 45,000. Ya shilingi 25,000 yenye dhamana ya mwaka, umetoa 25,000 tu. Mwenye mshahara mdogo ndiye anayelipa zaidi, kwa sababu siku ya kununua hana hizo 10,000 za kuongeza. Mkopo wa tawi ungefaa kuziba hapo hapo, kabla ya kuziba mahali pengine.

Wenzetu wa viwanda vya nguo nao wana neno, na sina budi kulisema. Dukani nguo ikirudi, duka hulirudisha kiwandani, na kiwandani msimamizi humtafuta aliyeshona ili amkate mshahara. Hatuwezi kumwokoa mkata miwa kwa kumwumiza mshonaji. Mshonaji anayedaiwa idadi isiyowezekana kwa siku, kwenye mashine isiyotengenezwa, akipewa uzi unaokatika, hawezi kutoa mshono wa mwaka mmoja. Nguo iliyorudi ni ushahidi juu ya uzi, mashine na idadi ya siku, na wajumbe wa viwandani waitumie hivyo wanapokaa na mwajiri. Wadai daftari la nguo zilizorudishwa liwekwe wazi: imerudi kwa kasoro gani, mashine gani, uzi wa kampuni gani. Makato yasikubaliwe kabla ya hayo kujulikana.

Kwa ndugu walioko Kakira, Lugazi na Kinyara wenye watoto Lurujo na kwingineko nyumbani, ushauri wangu ni kwamba mtume fedha, msitume suruali. Nguo inunuliwe au ishonwe mahali ambapo mama anaweza kufika kwa miguu akiwa nayo mkononi ikitoboka. Risiti ibaki kwa mama. Kama fundi hana kitabu cha risiti, aandike kwenye karatasi tarehe, nguo, bei na jina lake, atie saini. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto, maana hiyo ndiyo karatasi pekee ambayo kila nyumba huitunza.

Matawi ambayo hayajaanza yaandikishe watoto kabla ya mwisho wa Oktoba. Siku ya mkutano wa Novemba kila mzazi alete sare ya zamani ya mwanawe, hata kama imechanika kabisa, wala asiifue kwa aibu. Fundi atakayeitwa azione zote zimepangwa juu ya meza, ajue ni wapi zinapoanza kutoboka kabla hajataja bei yake.